Uchambuzi wa kisa: Wikendi ya masika Lushoto, watoto watatu na jiko la mkaa chumbani

Kisa hiki ni cha familia ya Dar es Salaam iliyopanda Lushoto wikendi ndefu ya Aprili, masika yakiwa yamekolea. Mwaka, nyumba waliyofikia na hospitali havitajwi, na mambo madogomadogo ya familia yamebadilishwa ili wasitambulike. Mfuatano wa matukio, saa na vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu humo ndimo mna la kujifunza. Hakuna aliyekufa wala aliyelazwa zaidi ya usiku mmoja. Hata hivyo, ndani ya siku mbili watu hawahawa walifanya uamuzi mmoja wa busara sana barabarani, na mwingine chumbani ambao ungeweza kuwamaliza wakiwa usingizini.

Familia, gari na mpango

Wasafiri walikuwa sita: baba, mama, bibi mzaa baba mwenye miaka 61 na shinikizo la damu, binti wa miaka 6, mvulana wa miaka 3, na wa mwisho wa miezi 9 anayenyonya na kula uji. Gari lilikuwa Toyota Noah yenye keria juu. Injini nzima, breki nzima, lakini tairi mbili za nyuma zilikuwa zinaelekea kuwa kipara na mpira wa waipa ya dereva ulikuwa umechanika kwa pembeni.

Mpango ulikuwa waondoke Ijumaa saa 6 mchana binti akitoka shule, wafike Lushoto saa 1 usiku, Jumamosi waende kwenye mwamba wa Irente, Jumapili wazunguke msitu wa Magamba kutafuta mbega, kisha mchana wateremke. Jumatatu ilikuwa sikukuu, nao waliitenga kwa mapumziko ya nyumbani.

Hata karatasini mpango huo ulikuwa umebana. Kutoka kaskazini mwa jiji, kwa njia ya Bagamoyo na Msata, halafu Segera, Korogwe na Mombo, ni safari ya saa 6 hadi 7 barabara ikiwa kavu, ukihesabu vibao vya 50 vya kila kijiji na watoto wanaotaka kukojoa kila baada ya saa moja na kitu. Jua la Aprili linazama kabla ya saa 1 usiku. Kwa hiyo hata kama kila kitu kingekwenda sawa, kona za kutoka Mombo hadi Lushoto, kama kilomita 33, wangezimalizia gizani.

Mizigo ilifungwa hivi. Nguo zote za watoto zilitiwa kwenye begi moja kubwa la magurudumu, likapandishwa keria na kufunikwa turubai kwa juu. Dawa za presha za bibi zilikuwa humohumo. Ndani ya gari kulikuwa na pampasi 20, tishu za maji, biskuti, juisi, kanga mbili na chupa ya paracetamol ya maji. Makoti ya mvua yalikuwa mawili, yote ya watu wazima. Kila mtoto alikuwa na sweta moja. Kofia za baridi hazikuwepo, na viatu vya watoto vilikuwa raba za kitambaa na yeboyebo.

Siku mbili kabla ya safari, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa angalizo la mvua kubwa, na mkoa wa Tanga ulikuwemo. Ujumbe uliwafikia kwenye simu. Waliposoma "Tanga" wakafikiria Tanga mjini, ufukweni, wakasahau kwamba Lushoto nayo ni Tanga.

Ijumaa: wanachelewa, kisha wanasimama

Waliondoka saa 8 na dakika 20 mchana. Mvua iliwakuta baada ya daraja la Wami na haikukatika tena. Taabu ya kwanza ilikuwa kioo. Watu sita wanapumua, mvulana amemwaga juisi kwenye zulia, madirisha yamefungwa, na baba amezima AC akiogopa mtoto atapata baridi. Kila baada ya dakika chache mama alifuta ukungu wa kioo cha mbele kwa kanga, na kila akifuta aliacha michirizi iliyometameta kwenye taa za malori yanayokuja. Spidi ilishuka hadi 50 na 60 hata nje ya vijiji.

Walifika Korogwe saa 1 usiku, giza limeshaingia. Wakiwa kituo cha mafuta, utingo wa lori lililoteremka na kabichi aliwaambia kwamba udongo umeporomoka chini ya Soni, magari yanapita kwa kupokezana upande mmoja, na mvua huko juu ni kubwa kuliko hiyo. Baba alitaka waendelee, akamwambia bibi, mama yake:

"Mama, tumebakiza saa moja na nusu tu."

"Mwanangu, mlima hauhami. Tulale hapa."

Walimpigia simu mwenyeji wao wa Lushoto, naye akasema kifusi kipo kweli na umeme umekatika tangu jioni. Wakalala gesti Korogwe. Malipo ya usiku ule kule Lushoto hayakurudishwa.

Begi liliposhushwa lilikuwa limelowa. Turubai lilikuwa limefunika juu peke yake, hivyo maji yaliyokusanyika kwenye sakafu ya keria yalipanda kupitia zipu ya chini. Zaidi ya nusu ya nguo za watoto zilikuwa zimelowa, na kisanduku cha dawa za bibi kilikuwa kimelainika, ingawa vidonge vilisalimika ndani ya karatasi yake ya fedha. Walilala watatu kitanda kimoja chini ya chandarua cha kitanda kimoja, mikono na miguu ikigusa wavu.

Jumamosi: kupanda, kulowa, na jiko

Saa 2 asubuhi walianza safari. Mombo ilikuwa na mawingu bila mvua. Penye kifusi, greda lilikuwa limefungua upande mmoja. Walisubiri dakika 40, na kwa bahati mbaya walisubiri chini kabisa ya ukingo uliokatwa, mawe madogo yakidondoka pembeni. Mvulana wa miaka 3, aliyekuwa ametazama katuni kwenye simu tangu Mombo na kunywa maziwa ya pakiti kabla ya kupanda, alitapika mara mbili kabla ya Soni. Akatumia seti yake ya mwisho iliyokuwa kavu.

Walifika saa 5. Mchana mvua ikawa manyunyu, nao kwa kuwa usiku mmoja ulikuwa umeshapotea, wakaamua waende hivyohivyo Irente. Ukungu ulikuwa umefunga, na mwambani hapakuonekana kitu zaidi ya weupe. Mama alimbeba wa mwisho mgongoni kwa kitenge, akavaa koti la mvua ndani na mtoto akabaki nje, akiwa amefunikwa kanga. Kanga ile ilinyonya maji kama utambi. Walirudi saa 11 jioni, watoto wakubwa wamelowa kuanzia magotini kwenda chini, wa mwisho amelowa mgongo mzima na anatetemeka. Hawakubakiwa na nguo kavu za watoto ila fulana mbili na kaptula moja.

Umeme haukuwa umerudi. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, aliwaletea jiko la udongo lililojaa mkaa uliokwisha kushika moto, mwekundu, bila moshi. Walilala wote sita katika chumba cha familia chenye ukubwa wa kama mita 4 kwa 4. Dirisha lilifungwa kwa ajili ya baridi, pazia likashushwa, na taulo likaviringishwa na kuzibwa chini ya mlango ambapo upepo ulikuwa unapenya. Nguo zilitandazwa kwenye viti kuzunguka jiko.

Kama saa 3 usiku bibi alisema kichwa kinamgonga, akadhani ni presha, akameza kidonge. Saa 3 na nusu binti akalalamika kichwa na kutapika. Mama akahisi ni chakula cha mchana. Saa 4 kasoro alijaribu kumwamsha mvulana akakojoe, akakuta mwili umelegea na anaitika kwa kuvuta. Mama mwenyewe aliposimama, chumba kilizunguka. Hapo ndipo alipounganisha: watu watatu kwa mkupuo, hakuna mwenye homa, na wa mwisho aliyelala karibu na jiko amenyamaza mno.

Maamuzi ya usiku ule

Mama alifanya mambo kwa mpangilio ambao hata mtu wa zima moto angeukubali. Kwanza alifungua mlango. Pili alimtoa wa mwisho hadi barazani, akamkabidhi baba na kumtaka asirudi ndani. Kisha akawatoa watoto wawili, halafu bibi. Jiko lilitolewa mwisho, na mhudumu, baada ya watu wote kutoka. Sababu aliyoitoa baadaye ni rahisi: jiko zito la moto lingewachelewesha mlangoni, na akilikwaa, moto ungemwagika kati yao na mlango.

Uamuzi wa pili ulikuwa hospitali usiku huohuo, ingawa nje mvua ilikuwa inanyesha na baada ya dakika 15 za hewa safi binti alisema anajisikia vizuri. Baba aliona wangoje asubuhi. Mama alishikilia kwamba mvulana bado anasinzia kupita kawaida na wa mwisho hawezi kujieleza. Hospitali haikuwa mbali.

Walipofika, kifaa cha kidole cha kupimia oksijeni kilionyesha 97 kwa bibi na 98 kwa binti. Baba akapumua. Lakini daktari wa zamu, aliposikia habari za jiko, hakukitegemea kipimo hicho. Aliwawekea bibi, mvulana na wa mwisho oksijeni ya barakoa, akamwangalia binti bila oksijeni kwa kuwa alikuwa ameshachangamka, na akawabakisha wote hadi asubuhi.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa Jumapili: kufuta Magamba, kubaki Lushoto siku nzima, na kuteremka Jumatatu asubuhi. Sababu ni kwamba dereva alikuwa amelala chini ya saa 3, na safari ya kuanza mchana ingewafikisha nyumbani usiku.

Matokeo

Asubuhi wote walikuwa macho na wanakula. Jumapili ilinyesha hadi alasiri. Watoto walikaa jikoni kwa mwenyeji wakimenya viazi (binti kwa kisu butu, mvulana akiosha), wakajengewa banda la vitenge barazani, wakapigiwa hadithi. Mvua ilipopungua waliachiwa nusu saa nzima kukanyaga madimbwi uani, wakiwa miguu peku na kaptula, kisha wakaogeshwa maji ya moto na kuvikwa nguo kavu. Binti alipoulizwa wiki iliyofuata safari ilikuwaje, alisimulia madimbwi. Irente hakuitaja.

Jumatatu waliteremka saa 3 asubuhi na kufika Dar saa 11 jioni. Kuanzia Jumanne mvulana aliharisha siku mbili, akatibiwa nyumbani kwa ORS na zinki. Siku ya 11 baada ya usiku wa Korogwe binti alipata homa. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, akapewa dawa mseto na kupona.

Uchambuzi

Jiko. Tuanze na hili kwa sababu mengine yote katika kisa hiki ni usumbufu, hili ni kifo. Watu wengi wanaamini hatari ya mkaa ni moshi, kwa hiyo mkaa ukishashika vizuri na kuwa mwekundu huonekana salama kuingizwa ndani. Mambo ni kinyume. Mkaa unaowaka polepole bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala mwasho, na huendelea kuitoa hata ukifunikwa majivu. Hewa hiyo hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni. Watoto wadogo huathirika mapema kwa kuwa wanapumua haraka kuliko watu wazima. Uzito wake unakaribiana na wa hewa ya kawaida, hivyo haikai chini wala haipandi juu ikatoka kwa tundu la dari. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuufanya mkaa uwe salama chumbani. Familia hii ilikwenda mbali zaidi: ilifunga dirisha, pazia na hata mwanya wa chini ya mlango, ambao ndio uliokuwa unaingiza hewa.

Dalili zake zinafanana na za mambo mengine, na ndiyo maana kila mtu chumbani alikuwa na jibu lake: bibi presha, mama chakula, baba uchovu. Kinachotofautisha ni vitu vitatu kwa pamoja. Watu zaidi ya mmoja wanaugua ndani ya muda mfupi, hakuna homa, na kuna kitu kinachowaka ndani, au gari au jenereta inayonguruma karibu na dirisha. Vikikutana vitatu hivi, toka kwanza, utafikiri ukiwa nje.

Kuhusu kifaa cha kidole: hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo husoma 97 au 98 kwa mtu aliyekwishapata sumu. Mzazi akifika hospitali aseme waziwazi, sentensi ya kwanza: "Tulilala na jiko la mkaa." Oksijeni ya barakoa ina maana yake. Kwa hewa ya kawaida sumu hiyo hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5, kwa oksijeni nyingi ya barakoa kwa saa 1 hadi 1 na nusu. Mama alikuwa sahihi kukataa kungoja asubuhi. Ingekuwa vema pia yeye mwenyewe apimwe na kuangaliwa, maana alikuwa na kizunguzungu. Kwa mjamzito hilo ni la lazima hata akijisikia mzima, kwa ajili ya mtoto tumboni.

Nguo zilizolowa. Jiko lisingeingia chumbani kama nguo zingekuwa kavu, kwa hiyo kosa la Jumamosi usiku lilianza Ijumaa mchana pale kwenye keria. Turubai la juu tu halizuii maji, kwa sababu gari likikimbia mvua hupiga kwa mbele na pembeni, na maji hutuama kwenye sakafu ya keria. Tandika turubai chini, weka begi, kunja pande zote juu kama unafunga kifurushi, mkunjo wa mwisho uelekee nyuma ya gari, kisha kamba. Hata hivyo usitegemee turubai peke yake. Kila mtoto awe na seti tatu, kila seti nzima (chupi, fulana, suruali, sweta, soksi) ndani ya mfuko wake wa plastiki uliofungwa fundo. Seti moja ya kila mtoto na dawa zote hukaa ndani ya gari, si juu. Jinzi ziachwe nyumbani: pamba nzito haikauki milimani masika hata kwa siku mbili, ilhali traksuti ya polista ikikamuliwa vizuri huamka kavu au karibu na kukauka.

Kukamua kwenyewe kuna ufundi. Tandaza taulo kavu, weka nguo juu yake, viringisha pamoja kama mkeka, kisha piga magoti juu ya hilo viringo na kulikanyaga toka mwanzo hadi mwisho. Taulo litanyonya maji mengi kuliko mikono ingeweza kukamua. Baada ya hapo anika barazani penye upepo, si chumbani, kwa kuwa nguo sita zilizolowa zinajaza chumba unyevu na kukifanya baridi zaidi. Umeme ukiwepo, pasi inamalizia soksi na chupi kwa dakika chache.

Mtoto mwenyewe hapashwi kwa moto. Mvue vyote vilivyolowa, mfute nywele, mvalishe kavu na kofia, mpe uji au chai ya maziwa. Wa miezi 9 anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kitenge na blanketi juu, mama akiwa macho. Kitanda kikiwa cha baridi, jaza maji ya moto yasiyochemka kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana, izungushie kanga, iweke kitandani robo saa, na uitoe kabla mtoto hajaingia. Mwenyeji asiye na umeme anaweza kuchemsha maji kwenye jiko lilelile, likiwa nje.

Baridi yenyewe ilikuwa ya kutabirika. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mama aliyefunga mizigo Dar katika nyuzi 30 alipaswa kutoa 8 au 9 kabla hata ya kuhesabu mvua, ukungu na usiku. Kwa mtoto wa mgongoni, koti la mvua huvaliwa juu ya wote wawili, kubwa kupita saizi ya mama, kichwa cha mtoto kikitokeza kwa pembeni na uso wake ukionekana.

Uamuzi wa Korogwe. Huu ulikuwa mzuri, na inafaa kuona ulifanyikaje, kwa sababu baba hakuwa mjinga. Alikuwa anahesabu kilomita zilizobaki. Bibi alihesabu kilichokuwa mbele: giza, kona, kifusi, watoto wenye njaa. Kilichomaliza ubishi ni simu kwa mtu aliyeko juu, si mabishano yenyewe. Afadhali kupanga kabla ya kuondoka: "Saa 10 jioni tukiwa hatujafika Segera, tunalala Korogwe," na kumpigia mwenyeji mchana kuuliza kama usiku uliolipiwa unaweza kusogezwa. Neno likishasemwa nyumbani, hakuna anayeonekana mwoga barabarani. Ubora wa uamuzi huu ulipunguzwa asubuhi waliposimama dakika 40 chini ya ukingo. Mlima uliolowa huendelea kumeguka hata mvua ikikatika. Mawe madogo yanayodondoka, nyufa mpya pembeni ya lami, au maji ya tope yanayochimbuka pasipokuwa na mfereji ni ishara ya kurudi nyuma hadi sehemu isiyo na ukingo, hata kama utapoteza nafasi kwenye foleni. Kwa wanaosafiri na watoto, nafasi kwenye foleni haina thamani hiyo.

Angalizo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia ngazi tatu: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Angalizo halisemi usisafiri. Kwa familia hii lilitosha kuwaambia wapande mchana tu, na wawe na usiku mmoja wa akiba. Mkoa ukitajwa, fikiria wilaya zake zote, za pwani na za mlimani.

Kioo cha mbele. Ukungu wa ndani unaondolewa na hewa kavu, si kanga. Elekeza upepo kioo cha mbele, washa AC pamoja na joto kidogo, na weka kitufe cha kuvuta hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani. AC hukausha hewa, na joto likichanganywa mtoto hapati baridi. Zulia lililolowa likaushwe kabla ya kuendelea, kwa kuwa linarudisha mvuke safari nzima. Waipa iliyochanika ni mpira wa bei ndogo. Tairi ni jambo kubwa zaidi: za nyuma zikiwa kipara barabara ikiwa na maji, mkia wa gari huteleza kwanza, na dereva wa kawaida hawezi kuurudisha. Maji yakipita juu ya barabara kwa nguvu, sentimita 30 zinatosha kuliondoa gari dogo, na usiku hujui kama lami iliyo chini yake bado ipo. Kuteremka kutoka Lushoto kulifanyika vizuri, gia ndogo toka juu, breki za kugusa na kuachia, dakika 10 za kupumzika Soni.

Kutapika kona. Mtoto wa miaka 3 anatakiwa aangalie mbele, siyo simu. Asubuhi ya kupanda apewe kitu kikavu, kipande cha mkate au kiazi cha kuchemsha, saa moja kabla, na maziwa yangoje hadi mfike. Mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, iwe mfukoni mwa kiti cha mbele. Na wa mwisho alisafiri mapajani mwa mama kiti cha mbele. Ndivyo familia nyingi zinavyofanya, na hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto wa kilo 8 gari likigonga. Mahali pake ni kiti cha mtoto, siti ya nyuma.

Irente. Walikwenda kwa kuwa siku ilikuwa imepotea, na hii ni sababu mbaya kuliko zote. Mwamba ulio wazi wenye utelezi, juu ya bonde la Mazinde, ukungu umefunga, na mtoto wa miaka 3 anayekimbia: tulivyopima kisa hiki, hatari ya pale ilikuwa ya pili baada ya jiko, ila kwa kuwa haikutokea kitu haikusimuliwa sana. Siku ya namna hiyo, nusu saa ya madimbwi uani yenye maji ya moto yanayongoja ndani inatosha kabisa. Masharti yake ni mawili: mpaka wa muda unaosemwa kabla, na seti kavu iliyotengwa kwa ajili hiyo.

Baada ya safari. Kuharisha kulishughulikiwa sawasawa. Soma paketi ya ORS kwanza, zipo za lita 1 na za nusu lita, na ukikosea maji unaharibu dawa. Mtoto chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, mkubwa wa hapo 100 hadi 200, kwa kijiko au vikombe vidogo. Zinki ya miligramu 20 hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10.

Homa ya binti haiwezi kufungwa kwa uhakika kwenye usiku wa Korogwe, maana Dar nako kuna mbu wa malaria. Muda lakini unaafikiana: malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa, na mara nyingi wazazi wanakuwa wameshasahau walilala wapi. Homa ya siku ya pili ya safari ilitoka nyumbani. Ya wiki ya pili inaweza kuwa ya njiani. Zote zinapimwa siku hiyohiyo. Ubaridi wa Lushoto huwafanya wengi waache chandarua, wakisahau kwamba njia inapita Korogwe na Mombo, ambako ni chini na kuna joto. Beba chandarua kikubwa cha kitanda cha watu wawili, kamba mita 6 na misumari minne, kining'inizwe mbali na miguu ya waliolala na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kliniki wakiuliza kuhusu safari, taja kila mji mliolala, hata ule wa usiku mmoja ambao haukuwa kwenye mpango.